Fahamu: Shahada ya uuguzi kwa njia fupi, nani anakubaliwa?

Ni nini?
Marekani, mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuhitimu uuguzi kwa miezi 11 hadi 18. Tanzania, njia iliyo karibu na hiyo ni ya muuguzi mwenye stashahada kujiendeleza hadi shahada. Aga Khan University ilianza kufundisha wauguzi walio kazini Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Vigezo
Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unataka stashahada yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Wapo wanaoishia kusoma hapo. Lipo pia sharti la kidato cha nne: angalau D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Hili ndilo zito zaidi. Muuguzi anayezalisha akina mama usiku kucha Micheweni, Pemba, anaweza kukwamishwa na Hisabati aliyoifanya akiwa na miaka 17.

AVN
Cheti pekee hakitoshi. Mwenye stashahada huomba kwanza namba ya uhakiki, AVN, kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), kisha huijaza kwenye fomu ya chuo. Anza kuifuatilia mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Kwa aliye Pemba
Maombi hufanywa mtandaoni, hata ukiwa Wete. Kinachohitaji mipango ni kuondoka: ruhusa ya mwajiri, nauli ya boti, pango, ada. Mzanzibari anaweza kuomba mkopo kwenye Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar.