Je, Wajua? Kizunguzungu hakikatazi kutembea

Wengi wakipatwa na kizunguzungu hulala, na wanaendelea kulala. Kutulia dunia inapozunguka ni sawa, lakini kukaa kitandani wiki nzima huchelewesha kupona.

Mara nyingi chanzo kiko ndani ya sikio. Chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kuhisi mwendo hung'oka na kuingia kwenye mifereji yenye majimaji. Ukigeuka tu kitandani, ubongo unaambiwa unazunguka. Daktari Mmarekani John Epley alibuni njia ya kuzirudisha: mtaalamu hukigeuza kichwa hatua kwa hatua, dakika chache, bila dawa wala kisu.

Kisha mwili unataka mwendo. Katika miaka ya 1940, madaktari Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwapa wagonjwa wao, wakiwemo askari walioumia kichwa, mazoezi ya macho, shingo na kutembea, maana ubongo hujifunza upya kusawazisha mwili kwa kufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa mkazi wa Dodoma, tembea asubuhi na mapema, mahali tambarare kama Nyerere Square, ukiwa na mwenzako. Kupanda vilima na kucheza ngoma ya kutikisa shingo visubiri kwanza, baiskeli pia. Oktoba na Novemba, joto kavu linapopanda, beba maji, kwani kukaukiwa nako huleta kisunzi.

Ila ulimi ukiwa mzito, ukaona vitu viwili viwili au mkono mmoja ukalegea, usitembee popote: wahi hospitali saa hiyo hiyo.