Asidi ya Shaba, Asidi ya Kwinini

Mjini Lubumbashi, ukitaja asidi watu wanafikiria kamiyo zinazoingia kutoka Kasumbalesa na kushika njia ya Likasi na Kolwezi, zimebeba asidi sulfuriki ya kutolea shaba na kobalti kwenye mawe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wakemia wa dawa nao huitegemea. Gome la mti wa kwinini, ule unaopandwa Kivu na kuchakatwa Bukavu katika kiwanda cha Pharmakina, lina dawa isiyopenda maji. Maji yakitiwa asidi hii, kwinini hukubali kuingia ndani yake, na mchanganyiko ukisafishwa na kupozwa, fuwele za kwinini salfeti hujitenga. Asprini nayo huundwa kwa kuharakishwa na matone machache ya asidi hiyohiyo, ambayo huoshwa kabla ya kidonge kufungwa. Kwa hiyo kitu hiki hakina ubaya wa kuzaliwa nao. Kinachotofautisha maabara na barabara ni maarifa, na maarifa hayo yamebaki ndani ya kuta za viwanda.

Kuna atakayesema asidi ya mgodi si asidi ya dawa. Kwa usafi ni kweli, lakini ngozi haiulizi daraja. Mwingine atasema woga unatosha kumlinda mtu. Februari 2019, karibu na Tenke, kamiyo ya asidi iligongana na gari la abiria, na watu wapatao 20 wakafa. Mtu aliyenaswa ndani ya gari, woga utamsaidia nini? Na anayekuja kumwokoa anahitaji kujua jambo moja linaloonekana kujipinga. Asidi kali ina uzito wa karibu kilo 1.8 kwa lita, na ikikutana na maji hutoa joto jingi. Ukimwaga ndoo juu ya dimbwi lake, maji huelea juu, yanachemka papo hapo na kurusha matone usoni. Ndiyo maana katika maabara asidi hutiwa ndani ya maji polepole, kamwe si maji ndani ya asidi. Lakini iliyomgusa mtu sharti ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka, mara moja, kwa dakika 20 au zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa: kikombe kimoja kitazidisha joto, ilhali maji mengi huondoa asidi na joto kwa pamoja. Kungoja daktari bila kuosha ni kuiachia ngozi iendelee kuliwa.

Kuwafundisha wanakijiji wa kandokando ya barabara kuna gharama, naam. Ila ni ndogo mno mbele ya thamani ya shehena yenyewe. Wewe msomaji anza na hili: kibao cha rangi ya chungwa chenye namba 1830 maana yake ni asidi sulfuriki. Kamiyo hiyo ikipinduka, simama mbali, upande unakotoka upepo, na usiache watoto wasogee kutazama.