Seva za wingu: Tuandike maagizo yetu au tuazime zana za wengine?

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa miwa mjini Awendo, Kaunti ya Migori, kinachotaka kuhamisha kumbukumbu za uzani wa miwa na malipo kutoka kwa tarakilishi ya ofisini hadi kwa seva za kukodi, maarufu kama seva za wingu. Seva zenyewe zaweza kuwa mbali, lakini kuziandaa ni kazi ya anayezikodi. Ni lazima programu ziwekwe, milango isiyohitajika ifungwe na nakala za akiba zipangwe.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni skripti, yaani orodha ya maagizo anayoiandika fundi wa chama, nayo tarakilishi ikayatekeleza moja baada ya jingine. Skripti haina ada, na fundi huuelewa kila mstari. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi hutii bila kukagua hali ilivyo. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, kisha skripti ikarudiwa, yaweza kuongeza tena kile ilichokwisha kukiongeza. Isitoshe, fundi akipata kazi Nairobi, ujuzi wote huondoka naye.

Njia ya pili ni zana zilizoundwa na wengine, kama vile Ansible na Terraform. Hapa fundi hueleza hali anayoitaka, kisha zana huilinganisha na hali iliyopo na kurekebisha tofauti pekee. Zikitumiwa ipasavyo, kurudia kazi hakuharibu kitu. Aidha, mafundi wengi wanazifahamu, hivyo kumpata mrithi ni rahisi.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mnamo Agosti 2023, HashiCorp, kampuni iliyounda Terraform, ilibadilisha leseni ya programu hiyo iliyokuwa huria na kuwawekea washindani wake kibiashara masharti. Waliopinga hatua hiyo walichukua toleo la awali na kuanzisha OpenTofu, ambayo iko chini ya shirika la Linux Foundation. Watumiaji wa kawaida hawakulazimika kulipa, lakini walitambua kwamba mwenye zana aweza kubadilisha masharti wakati wowote.

Kwa seva moja au mbili, skripti fupi yatosha, mradi ina maelezo na imehifadhiwa mahali ambapo chama kinaweza kuifikia. Seva zikiongezeka, au mafundi wakiwa zaidi ya mmoja, afadhali zana yenye leseni huria. Kwa vyovyote vile, nywila zisiandikwe ndani ya maagizo, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtwika mwenye kuhifadhi habari za watu jukumu la kuzilinda.

Kabla ya kuhama, chama kimpe mtu mwingine maandishi hayo, ajenge seva mpya na kurejesha nakala ya akiba bila kumuuliza aliyeyaandika. Akishindwa, uhamisho usubiri. Kasoro hiyo ni heri igunduliwe siku ya majaribio kuliko siku ambayo wakulima wanangojea malipo ya miwa yao.