Udalali wa vyombo: Mwamba ngoma huvutia kwake

KUTOKA Vanga hadi Kiunga, mwenye mashua aliyechoka na bahari, au aliyebanwa na karo na gharama za matibabu, aghalabu hatangazi hadharani kwamba anauza. Humnong'oneza mtu mmoja. Mtu huyo humnong'oneza mwingine, na baada ya majuma kadhaa hutokea mnunuzi ambaye mwenye chombo hamjui kwa sura wala kwa jina. Kati ya wawili hao amesimama dalali.

Nalizungumzia jambo hili katika ukurasa unaosomwa na walimu na wanafunzi kwa sababu hasara zake haziwafiki wavuvi peke yao. Wapo walimu wa Pwani, na wapo wa kando ya Ziwa Victoria, waliochukua mkopo katika chama cha ushirika, wakanunua mashua na kumpa nahodha aiendeshe kwa kugawana mapato. Uhamisho unapokuja, au kustaafu kunapowadia, chombo hakifungiki katika sanduku kikapakiwa kwenye basi. Sharti kiuzwe, na mara nyingi huuzwa mwenyewe akiwa mbali.

Sina nia ya kumtia dalali najisi. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuongoza au kuonyesha njia. Dalali mwema huonyesha njia kwelikweli. Anajua ni nani katika kisiwa gani anayetafuta mashua ya mbao, na ni nani anayetaka boti ya faiba. Anajua bei za mwaka huu. Mwenye chombo aliyeko Nairobi au Nakuru hawezi kuyajua hayo yote, wala hawezi kushinda ufuoni akisubiri wateja. Kazi hiyo inastahili ujira.

Ila yafaa tukumbuke kwamba dalali wa jadi alikuwa mtu wa mnada. Aliinua sauti mbele ya kadamnasi, bei ikapanda kila mtu akiisikia, na mwenye mali akasikia shilingi ya mwisho iliyotajwa. Hata leo samaki huuzwa hivyo katika fuo zetu kadha wa kadha. Uwazi huo ndio uliokuwa kinga ya muuzaji. Dalali wa mashua wa siku hizi hufanya kazi kwa simu, faraghani, na kila upande husikia yale tu anayopenda yeye yasikike. Jina limebaki lile lile, lakini ile kinga imeondoka.

Hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wa biashara wangefaa kuizingatia. Dalali wa mnada anayetambuliwa na serikali ana leseni chini ya sheria ya mwaka 1996, na ipo bodi ya kumwita akikosa. Wakala wa nyumba na mashamba naye ana sheria yake na bodi yake. Dalali wa ufuoni, yule wa kunong'onezwa, hana leseni ya namna hiyo mfukoni. Akikosa, hakuna bodi ya kumvua chochote. Kwa hiyo ulinzi wa muuzaji ni ule anaojiwekea mwenyewe kabla ya kukabidhi kitu.

Hatari ya kwanza imo katika bei. Usemi uliozoeleka ni huu: "Nipe laki nne zangu, ya juu ni yako." Muuzaji huona amekata shauri la busara, maana hatoi ujira kutoka mfukoni mwake. Hebu tufanye hesabu. Tuseme dalali ameiuza mashua hiyo kwa shilingi 520,000. Mwenyewe atapata 400,000, na dalali 120,000. Lau wangepatana ujira wa asilimia tano ya bei halisi, dalali angepata 26,000 na mwenye chombo 494,000. Tofauti ni shilingi 94,000, na mwenye mashua huenda asijue kamwe kwamba zilikuwapo.

Tena mapatano ya "ya juu ni yako" hugeuza moyo wa wakala. Mtu aliyetumwa kukutafutia bei nzuri sasa ananufaika kadiri wewe unavyoridhika na kidogo. Mnunuzi wa shilingi 430,000 akija, dalali aweza kumfukuza kimyakimya kwa kuwa faida yake ni haba, huku wewe ukiambiwa kwamba soko limelala. Au atakuletea habari za wateja wa laki tatu, hadi ushuke mwenyewe. Waliosema kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake waliijua biashara hii.

Wakati huo chombo kiko juu ya mchanga. Mashua ya mbao ikianikwa juani miezi mitatu, mbao husinyaa, kalafati hutoka, na nyufa hufunguka. Ikiachwa majini bila kutunzwa, wadudu wa baharini huitoboa kutoka chini. Kwa hivyo kila juma la kusubiri bei ya dalali hulipwa na mwenye mashua kwa thamani ya mbao zake.

Hatari ya pili imo katika fedha. Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu wa kusini mwa Mombasa ambaye alimwachia dalali mashua, mashine yake na karatasi zote, kisha akaenda bara kumuuguza mkewe. Dalali alipokea arbuni kwa watu watatu mbalimbali, kila mmoja akiahidiwa chombo hicho hicho. Mzee aliporudi alikuta wadai watatu mlangoni, na dalali hapatikani kwa simu. Mashua ilikuwapo bado, lakini mashine ilikwisha kung'olewa na kuuzwa peke yake. Mzee huyo hakupokea hata senti moja, na bado ndiye aliyeitwa mbele ya wazee wa mtaa ajieleze.

Wengi waliosikia kisa hicho waliona ameonewa, kwani hakupokea kitu. Huruma yao ni ya haki, lakini sheria huanza na swali jingine: ni nani aliyemfanya dalali aonekane kuwa na mamlaka? Anayemtuma mtu akauze kwa niaba yake hufungwa na yale ambayo mtu huyo ameyafanya katika kazi aliyotumwa. Mnunuzi aliyeona chombo, funguo za mashine na karatasi katika mkono wa dalali ana hoja nzito kwamba aliamini alichoonyeshwa. Na dalali akimwambia kwamba mataruma yote ni mapya, ilhali nusu yake yameoza, mnunuzi aliyedanganyika atakuja kumtafuta aliyemtuma.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya Sheria za Kenya na iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ina mambo matatu ambayo kila mwenye chombo angepaswa kuyajua. La kwanza, mauzo ya bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 au zaidi hayatetewi mahakamani kwa maneno matupu. Lazima pawe na maandishi yaliyotiwa sahihi, au mnunuzi awe ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au awe amepokea na kukubali bidhaa. Ndiyo maana arbuni iliyochukuliwa na dalali si mchezo, kwa kuwa yaweza kuwa ndiyo kamba inayokufunga.

La pili, kitu mahususi ambacho kiko tayari kukabidhiwa, kama mashua iliyopo ufuoni, umiliki wake waweza kuhamia kwa mnunuzi pale pale mapatano yanapofungwa, hata kama malipo yameahirishwa, isipokuwa wahusika wamekusudia vinginevyo. Watu wengi hudhani kwamba mpaka fedha zihesabiwe mali ni yao. Si lazima iwe hivyo. Sentensi moja tu katika hati, kwamba umiliki hautahama mpaka malipo yote yakamilike, huziba tundu hilo.

La tatu, na ndilo zito kupita yote, muuzaji ambaye hajalipwa ana haki ya kukizuilia alichouza maadamu kingali mikononi mwake. Akikitoa, haki hiyo imekwenda na maji. Hubakiwa na deni tu, na deni hufukuzwa kwa miguu. Sasa fikiri: dalali anapokabidhi mashua kwa mnunuzi kwa ahadi ya kulipwa "Jumatatu", anatoa kwa niaba yako ngao uliyopewa na sheria. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, wapo pia matapeli wa kutuma ujumbe bandia wa malipo. Ujumbe uliosomwa katika simu ya dalali haukutoshi wewe. Fedha ni zile zilizoingia katika akaunti yako, ukaziona kwa macho yako.

Hatari ya tatu huja baada ya mauzo, wakati muuzaji amekwisha kusahau. Mashua ya uvuvi husajiliwa, na makundi ya usimamizi wa fuo, maarufu kwa herufi BMU, yaliyowekewa kanuni mwaka 2007, huweka orodha ya vyombo na wenyewe. Kwa upande wa usalama wa vyombo vya majini, ipo mamlaka ya bahari, KMA, iliyoundwa mwaka 2004. Dalali akishapata ujira wake, hana haja ya kukimbizana na usajili. Jina lako likabaki kitabuni. Siku chombo kitakapokamatwa na magendo, au kitakapozama na abiria, mlango wa kwanza kugongwa ni wa yule aliyeandikwa.

Je, tuwakimbie madalali? La. Nasema kwamba mwenye chombo ana funguo tatu: bei, chombo na fedha. Maafa niliyoyaeleza yote yametokana na kumkabidhi mtu mmoja funguo zote tatu kwa mpigo. Dalali na apewe kazi ya kumleta mnunuzi, akipenda na kumbembeleza. Bei ya mwisho na itajwe mbele ya muuzaji na mnunuzi, ana kwa ana au kwa simu wakisikilizana. Fedha na zitoke kwa mnunuzi ziende moja kwa moja kwa mwenye mali, kisha mwenye mali amlipe dalali ujira uliokwisha kuandikwa, wa kiasi maalumu au wa asilimia. Na chombo kibaki chini ya mtu wako, si wa dalali. Mnunuzi akitaka kukijaribu baharini, mtu wako awemo ndani.

Vilevile tumtaje dalali mmoja, kwa muda maalumu, badala ya kulitawanya jina la chombo kwa kila aliyejitokeza. Nahodha wengi, chombo huenda mrama; na madalali wengi huleta ugomvi wa nani alimleta nani. Aulizwe pia waziwazi kama analipwa na mnunuzi. Wapo wanaokula huku na huku, na mtu wa namna hiyo hajulikani anamtetea nani.

Kizuizi kikubwa, naamini, ni haya kuliko ujinga. Dalali ni mtoto wa jirani, ni shemeji, ni mtu tunayesimama naye safu moja msikitini au kuketi naye benchi moja kanisani. Kumdai karatasi huonekana kama kumwita mwizi. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Karatasi humlinda hata dalali mwaminifu, maana mwenye mashua naye aweza kugeuka akamnyima ujira baada ya kuletewa mteja. Ugomvi wa namna hii umevunja udugu mara nyingi kuliko sahihi yoyote iliyowahi kuombwa.

Tangu mwaka 2021 tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambayo sheria inaitaka ikate shauri ndani ya siku 60. Bei ya mashua nyingi za wavuvi wetu huingia humo. Ni jambo la heri. Hata hivyo, hakimu ataomba ushahidi, na aliyefunga mapatano yake kwa kunong'ona atakuwa na shida ya kuuleta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Walimu wenzangu, hapa tuna kazi inayotuhusu. Tunafundisha uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mikutano, matangazo, wasifu. Ni vyema tuongeze hati ya mauziano na hati ya uwakala, tena kwa mfano wa mashua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike majina na nambari za vitambulisho, urefu wa chombo na aina ya mbao, hali ya mkuku na mataruma, nambari ya mashine, nanga, tanga na makasia yaliyomo, kasoro zinazojulikana, bei na namna ya kulipa, wakati umiliki utakapohama, nani atabadilisha usajili na lini, ujira wa dalali na nani atakayemlipa, mashahidi wawili na tarehe. Ni ukurasa mmoja tu.

Mtoto wa mvuvi akiweza kuandika ukurasa huo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha akamsomea babake kabla ya dalali kufika, elimu yetu itakuwa imeokoa mashua. Na mashua, kwa nyumba nyingi za mwambao huu, ndiyo karo ya huyo mtoto mwenyewe.