Jiwe Linalocheza Mlangoni

Mvua za masika za mwaka jana zilipokwisha, mama mkwe alikuja kututazama, kikapu cha mihogo kichwani. Hatua tatu kabla ya kufika mlangoni alikanyaga jiwe bapa la saruji, likainama upande mmoja, naye akaenda chini pamoja na mihogo yake. Hakuvunjika, Mungu ashukuriwe, lakini mkono ulivimba wiki mbili. Aliponyanyuliwa alisema tu, “Mkwe wangu, njia yako inang’ata.” Sikuwa na pa kuuficha uso, maana jiwe lile nalilijua tangu Noeli. Kila nikipita lalia ko, ko, nami nasema: kesho.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu twatandika mawe hayo ili watoto wasiingize tope nyumbani. Baada ya miaka miwili mitatu yaanza kucheza. Twalaumu jiwe, kumbe jiwe ni zima. Kilichokufa ni kitanda chake. Fundi aliyetandika yangu aliyalaza juu ya udongo mtupu, nami nilimlipa kwa furaha. Maji ya bati yaliangukia hapo hapo, yakapenya kwenye nafasi, yakachukua udongo kidogo kidogo hata likabaki shimo chini. Kumimina saruji kwenye ufa ni kazi bure, maana shimo bado lipo.

Basi, jiwe sharti ling’olewe. Chomeka mtaimbo pembeni, weka kipande cha ubao chini yake ili usivunje jiwe la jirani, uinue polepole. Usijifanye Samsoni. Jiwe la sentimeta 60 kwa 60, lenye unene wa sentimeta 5, lina uzito wa zaidi ya kilo 40. Itieni mikono wawili, mpinde magoti wala si mgongo.

Sasa tazama chini. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wavivu huharibu. Ondoa udongo laini wote, na mizizi ikiwapo uikate. Chimba hata upate nafasi ya changarawe sentimeta 10, na juu yake mchanga sentimeta 3 au 4, pamoja na unene wa jiwe. Kama gari la kubeba mavuno hupita hapo, changarawe iwe sentimeta 15. Mwaga nusu kwanza, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa kigogo kizito hata kisigo kisiache alama. Ndipo umwage nusu ya pili. Ukishindilia yote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini palegevu.

Tandaza mchanga, uusawazishe kwa ubao ulionyoka. Funga uzi kwenye mambo mbili, ukionyesha mteremko wa sentimeta 2 kwa kila mita 1, kutoka nyumbani kwenda nje. Mimi mara ya kwanza nilifuata pima maji mpaka pakawa sawa kabisa, nikajisifu. Mvua iliponyesha nikapata bwawa mlangoni. Nikang’oa tena.

Laza jiwe, weka ubao juu yake, ugonge kwa nyundo katikati na pembeni. Simama juu ya kila pembe. Likicheza, usipachike kijiwe chini ya pembe moja, maana litakaa juu ya ncha na siku moja litapasuka. Liinue, uongeze mchanga mahali palipozama, ulilaze tena.

Nafasi kati ya mawe fagilia mchanga mkavu hata ujae. Mawe ya pembeni kabisa yataka kizuizi, kama safu ya matofali ya kuchoma yaliyosimamishwa na kukazwa kwa saruji moja na mchanga nne, ama sivyo mchanga utatorokea huko. Saruji mbichi huunguza ngozi, basi usiichanganye kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali. Pikipiki isipite juu ya ukingo huo kwa siku chache, na saruji iendelee kunyunyiziwa maji.

Halafu yale maji ya bati. Nimechimba mtaro mwembamba chini ya upenu nikaujaza kokoto, yaelekea migombani. Mama mkwe alirudi mwezi wa Novemba, katikati ya mvua. Alisimama juu ya jiwe lile, akalipima kwa kisigino mara mbili, kisha akaingia ndani bila kusema neno.