Undugu Usiwe Upendeleo

Katika vijiji vya Ufilipino, majirani walioibeba nyumba ya mwenzao mabegani kuihamisha waliuita msaada huo bayanihan. Hata hivyo, ripoti ya Seneti ya mwaka 1988, iliyotokana na azimio la Seneta Leticia Ramos Shahani, ilikemea tabia ya kanya-kanya, yaani kila mtu na lake, na kuwapendelea jamaa kupita kiasi. Ubaya wake huonekana tufani ipitapo: orodha ya mchele wa msaada ikianza na jamaa za kiongozi, mwenye njaa hukosa. Katiba ya 1987 ilipiga marufuku nasaba za kisiasa, lakini ikaliachia Bunge kuzifafanua. Mwaka 2016 sheria iliwazuia jamaa wa karibu wa viongozi kugombea mabaraza ya vijana. Hapana budi wakubwa nao waifuate kanuni waliyowawekea vijana.