Kano moja iliyomtesa malkia wa badminton

Pointi 11 tu. Hizo ndizo zilizomtenganisha mwanadada Carolina Marín wa Uhispania na fainali ya Olimpiki jijini Paris, Agosti 4, 2024. Alikuwa amembwaga He Bingjiao wa Uchina 21-14 katika seti ya kwanza, na katika ya pili aliongoza 10-6. Hapo akaruka kuurudisha mpira wa vinyoya, akatua vibaya, na goti la kulia likakataa.

Alifungwa goti, akarudi uwanjani, akapoteza pointi mbili, kisha akapiga magoti akilia. Mchezo ukaishia hapo.

Haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili.

Marín, mzaliwa wa Huelva mwaka wa 1993, ndiye mwanamke wa kwanza kutoka nje ya Asia kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika badminton ya mchezaji mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa Rio, 2016. Aidha alikuwa bingwa wa dunia mara tatu: 2014, 2015 na 2018. Januari 2019, akicheza fainali nchini Indonesia, kano ya goti la kulia ilichanika. Mwaka wa 2021, majuma machache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ikawa zamu ya goti la kushoto. Huko Paris ni lile la kulia tena: kano pamoja na gegedu mbili zinazokaa kati ya mifupa.

Je, kano hii ni kitu gani? Ni utepe mfupi, imara, uliopita katikati ya goti, unaouzuia mfupa wa chini usiteleze mbele ya ule wa paja na goti lisijipinde ovyo. Mara nyingi huchanika bila mtu kugongwa na yeyote. Mchezaji hutua kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka na kuelekea ndani, huku mwili ukigeuka. Badminton ni kuruka, kutua na kugeuka ghafla mchezo mzima. Marín hutumia mkono wa kushoto, kwa hivyo akirukia mpira uliopita upande wake dhaifu, uzito wote huangukia mguu wa kulia.

Wanawake huchanika kano hii zaidi ya wanaume katika michezo inayofanana. Madaktari hutaja umbo la nyonga, nguvu za misuli ya paja na namna ya kutua. Homoni bado zinabishaniwa.

Kano ikikatika kabisa, mwanamichezo wa kiwango hicho kwa kawaida hupasuliwa na kutengenezewa nyingine kutoka kwa kano ya misuli ya paja au ya mbele ya goti. Upasuaji wenyewe huchukua muda mfupi; kazi ni mazoezi ya kurudisha nguvu. Wataalamu wengi hushauri angalau miezi tisa kabla ya kurejea mashindanoni. Mwaka wa 2019 Marín alirejea baada ya takriban minane, na Septemba hiyo hiyo akashinda China Open! Kwa maoni yangu ilikuwa haraka mno, ingawa nani angethubutu kumwambia? Mara ya pili alingoja hadi Aprili 2022, akatawazwa bingwa wa Ulaya mjini Madrid.

Nawe msomaji unayecheza Jumamosi tu, baada ya juma zima la kukaa ofisini, goti lako halina mtaalamu wa kulitazama. Kabla ya mchezo, jizoeze kuruka na kutua taratibu ukikunja magoti, yakielekea vidole vya miguu. Ukisikia mlio kama kijiti kikivunjika, kisha goti likavimba katika saa chache, usimruhusu mtu kulivuta wala kulikanda. Liwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa, liinue, umwone daktari. Maumivu huweza kupoa baada ya majuma kadhaa ilhali kano bado imekatika, na wengi hurudi uwanjani wakati huo huo.